Siku Nilipoyabandika Masikio Yangu

Nilizisikia shanga zake kabla sijamwona. Kacha, kacha, kacha, zikipanda kijia kutoka upande wa stesheni, zikipita kwenye migomba ya jirani, zikinyamaza kidogo kwa sababu mwenye shanga alikuwa anapumzika, halafu zikianza tena, na mimi nimesimama chumbani kwangu hapa Gitothua, Ruiru, nimeinamisha kichwa, vidole vimebana masikio yote mawili, nahesabu moja mpaka mia kama nilivyozoea kumwona mume wangu akihesabu anapoziba pancha. Siwafichi, ndugu zangu. Aibu hii ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, na mpaka leo nikipita karibu na fundi wa baisikeli na harufu ya solusheni, ile gundi ya viraka, ikanifikia, natazama chini kama mtu aliyedondosha sindano.

Ili mjue kwa nini mama mzima wa miaka arobaini na saba, mama wa mwalimu, aliamka siku ya kupokea wakwe akajibandika masikio kama tyubu, lazima niwarudishe nyuma wiki tatu, Thika, katika duka la Mhindi mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa upande mmoja na makabati upande wa pili.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla Waingereza hawajatangaza hali ya hatari, bado tulikuwa tunapanda treni kutoka Ruiru kwenda Thika bila kuulizwa karatasi, na nilikuwa nimekwenda kununua kitambaa cha kushona gauni la siku hiyo, maana binti yangu Nyambura alikuwa ameposwa na kijana wa Thika aitwaye Kamau na watu wa kwao walikuwa wametuma neno kwamba wanakuja rasmi. Naingia dukani, macho bado yana jua la nje, naona mwanamke anakuja mbele yangu kati ya marobota. Nikampisha. Naye akanipisha, upande ule ule. Nikahamia upande wa pili, naye akahamia. Nikamwambia kwa adabu, "Pita, mama," midomo yake ikasogea lakini sauti haikutoka, nikajisemea moyoni, huyu naye ana maringo, mzee mwenye masikio yanayoning'inia hivyo, amevaa gauni zuri lakini masikio ni kama mbuzi. Ndipo nikaona amebeba kiondo changu.

Mke wa mwenye duka alikuwa ameketi karibu na mizani, mama mpole mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma. Hakucheka, Mungu ambariki. Alisema tu, "Mama, hiyo ni kioo ya kabati. Ni wewe."

Nyumbani tulikuwa na kipande cha kioo cha ukubwa wa kiganja, kimechomekwa ukutani karibu na dirisha, na katika kipande hicho unaweza kuona jicho, au jino, au shavu ukitaka kujua kama kuna masizi, lakini huwezi kuona vyote pamoja. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejiona kipande kipande, na kila kipande peke yake hakikuwa kibaya. Sasa nilisimama mbele ya mwanamke mzima, kutoka kitambaa cha kichwa mpaka miguu yenye vumbi, na kitu nilichoshindwa kuacha kukitazama ni masikio.

Ninyi vijana hamtajua, kwa hiyo niwaeleze. Nilipokuwa msichana, masikio yale ndiyo yaliyokuwa uzuri. Ulitogwa, ukawekewa kijiti chembamba, kikapona, ukawekewa kinene zaidi, ukalala kifudifudi ukilia kimya kimya kwa sababu kila msichana alikuwa amelia hivyo na hakuna aliyetaka kuachwa nyuma, mpaka ndewe ikawa pana ya kutosha kuingiza vidole vitatu. Halafu ukiwa mama mwenye watoto waliokwisha kutahiriwa, ulivishwa hang'i, yaani yale mapete makubwa ya shanga, na ukitembea watu walijua kuna mama anapita. Baba Nyambura mwenyewe aliniambia zamani (sasa hakubali kwamba alisema) kwamba hakuniona kwanza uso, aliona masikio yakicheza nilipokuwa nikitwanga mahindi. Kisha tukabatizwa. Hang'i zikavuliwa, ndewe zikabaki tupu, zinaning'inia mpaka karibu na mabega, na nikienda kulima nazipandisha juu na kuzitundika kwenye sikio lenyewe zisinaswe na matawi ya kahawa. Wenzangu wengine wa kanisani walikwenda hospitali wakakatwa na kushonwa. Mama Ruthi jirani yetu alirudi na masikio madogo, mviringo, kama ya mtoto mchanga, na tangu siku hiyo akawa hafungi kitambaa hata kukiwa na baridi.

Mimi niliogopa sindano. Hiyo ndiyo habari yote, msifikiri nilikuwa natetea mila.

Basi nilirudi Ruiru na kitambaa cha gauni na, juu yake, kioo kipya cha ukubwa wa sinia, chenye fremu ya mbao, ambacho sikuwa nimetumwa na mtu kukinunua. Nikakipigilia msumari mrefu sebuleni, kando ya mlango wa chumba chetu cha kulala. Baba Nyambura alikitazama, akajitazama, akasema, "Sasa tutakuwa wengi nyumba hii," akaendelea na uji wake. Lakini mimi nilianza kuishi na yule mwanamke. Nikipita naye anapita. Nikibeba maji, anabeba, na masikio yake yanayumba.

Jioni moja Nyambura aliyekuwa akisahihisha madaftari mezani akaniuliza bila kuinua kichwa, "Maitu, mama yangu, siku ya wageni utafunga kitambaa kichwani?"

Nikauliza, "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Nikifunga?"

"Ni sawa. Na usipofunga ni sawa." Akachovya kalamu kwenye wino, na nikaona ameona haya, shingo yake imekaza, akawa hataki kusema zaidi.

Nikasikia nilichotaka kusikia. Mwanangu, mwalimu, ana haya na masikio ya mama yake. Hataki watu wa Thika, watu wenye nyumba ya mawe, watu ambao mjomba wao anafanya kazi ya ukarani, waone kwamba mama wa bibi harusi ni mshamba. Sikulala vizuri usiku ule wala uliofuata. (Ningemuuliza swali moja tu zaidi, mkasa huu usingekuwapo. Lakini nani anamuuliza mtoto wake, wewe, unanionea haya? Akijibu ndiyo utakwenda wapi?)

Ikafika siku yenyewe. Njahi, yale maharage meusi ya karamu, zilikuwa zimeiva tangu alfajiri, majirani wako jikoni, nyumba imefagiliwa mpaka vumbi lenyewe limechoka. Nilivaa gauni langu, nikafunga kitambaa cheupe, nikaenda kwenye kioo. Chini ya kitambaa, ncha za masikio zilichungulia kama watoto wanaosikiliza mambo ya wakubwa. Nikazikunja kwa nyuma, zikashuka. Nikazitundika juu, kitambaa kikafanya nundu mbili, nikafanana na ng'ombe anayeanza kuota pembe. Na wakati huo huo jicho langu likapenya mlango wa chumba uliokuwa wazi, likaenda chini ya kitanda, kwenye mkebe wa vifaa vya baisikeli vya Baba Nyambura: pampu, kipande cha msasa, viraka, na solusheni.

Nilijiambia ni kwa siku moja. Nilijiambia gundi inayoshika tyubu ya mpira inayobeba mzee na gunia la mahindi haiwezi kushindwa na sikio. Nikapaka nyuma ya sikio, nikapaka na kwenye ndewe, nikapuliza ikauke kidogo kama anavyofanya yeye (msasa sikutumia, akili yote haikuwa imeniacha), nikakunja, nikabana, nikahesabu. Sikio la kushoto. Sikio la kulia. Tyubu ya solusheni ilikuwa nusu, niliimaliza yote, maana moyo wangu ulikuwa unaniambia ongeza. Na hapo ndipo nilipozisikia zile shanga zikipanda, nikashtuka, nikafunga kitambaa haraka kabla dawa haijakauka vizuri, na kitambaa nacho kikashika.

Mwenye shanga alikuwa nyanya yake Kamau, Cucu Wangechi, aliyemlea kijana huyo tangu wazazi wake walipofariki. Alikuwa ameshuka treni pamoja na wanawake wenzake, na kiongozi wao kwa maneno alikuwa tata yake Kamau, dada wa baba, aitwaye Wairimu, mama mnene mwenye macho ya kuhesabu vikombe. Tukaimbiana mlangoni, wakaingia, wakaketi. Cucu alikuwa mdogo, mkavu, kichwa kimenyolewa, na kwenye kila sikio lundo la hang'i lililoshuka mpaka mabegani. Aliponisalimu alinishika mikono yote miwili na kunitazama kichwani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Tata Wairimu akavuta pumzi. "Kuna harufu ya baisikeli humu ndani."

Nikasema, "Mume wangu ana baisikeli."

"Huwa inalala hapa sebuleni?"

"Wakati mwingine," nikasema, na huo ukawa uongo wa kwanza.

Wa pili ulikuja mara moja. Majirani waliniita jikoni nipakue njahi, kwa sababu sahani ya kwanza ya mkwe hutoka mkononi mwa mama wa msichana, na mimi nilisimama mlangoni mwa jiko nikaona moto, nikakumbuka Baba Nyambura akimfukuza mtu mwenye sigara alipokuwa akiziba pancha, akisema kitu hiki kikiona cheche kinaondoka na wewe. Nikarudi nyuma. Nikasema moshi unaniumiza macho. Wakatazamana. Mwanamke ambaye amepika kwa kuni tangu azaliwe, leo moshi. Sahani ya Cucu ikapelekwa na Mama Ruthi, masikio yake madogo yakimeta kwa mafuta, na nikamwona tata Wairimu akimnong'oneza mwenzake.

Wa tatu sikuutafuta mimi, ulinijia wenyewe. Mjomba wake Kamau, yule karani, hakupanda treni, alikuja kwa baisikeli kutoka Thika ili awe na heshima yake, na karibu na daraja mwiba ukamwingia gurudumu la nyuma, akafika akiisukuma, jasho limelowesha kola. Baba Nyambura alifurahi sana. Hakuna kitu kinachompendeza kama pancha ya mtu mwingine. Nikamsikia akiingia chumbani, mkebe ukilia, kimya, mkebe ukilia tena, akatoka akasimama sebuleni mbele ya wageni wote na tyubu ya solusheni mkononi, imekunjwa mpaka shingoni, tupu.

"Mama Nyambura. Jana hii ilikuwa nusu."

"Pengine ilikauka."

"Imekamuliwa," akasema, akiigeuza huku na huku. "Nani kwenye nyumba hii ana pancha?"

Wanaume wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimeanza kusikia joto. Mabati ya nyumba yetu ni ya chini, jua lilikuwa juu kabisa, watu ni wengi, na chini ya kitambaa masikio yangu yalikuwa yanawaka kama yamepakwa pilipili, na kitu fulani kizito, polepole sana, kilikuwa kinateremka nyuma ya shingo. Sikujua ni jasho au ni solusheni. Nikaomba Mungu waseme maneno yao haraka, wale, waondoke.

Ndipo Cucu Wangechi akasimama, akavuta kiondo chake, akatoa kibunda cha ngozi laini, akakifungua kiganjani mwake. Ndani yake kulikuwa na hang'i mbili, shanga nyekundu na nyeupe, za kale, zimeng'aa kwa kushikwa.

"Hizi," akasema, na chumba kizima kikanyamaza, hata shanga zake zikanyamaza, "nilivalishwa na nyanya wa mkwe wangu siku walipokuja kumchukua binti yangu wa kwanza. Kwetu hatumchukui msichana tukaacha masikio ya mama yake matupu. Anatupa mtoto, tunampa sauti, akitembea njia hii ya Ruiru watu wasikie kwamba ana wakwe. Wengi siku hizi wameshona. Kamau aliniambia, Cucu, mama yake Nyambura hajashona, yangalipo kama Mungu na nyanya zake walivyoyaacha. Nikasema basi nyumba hiyo ni yetu." Akanitazama. "Fungua kitambaa, mama."

Nikamtazama Nyambura. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, anatabasamu kwa haya ile ile ya mezani, na nikaelewa. Alijua. Kamau alikuwa amemwambia, na kwa kuwa si adabu msichana kumtangazia mama yake zawadi ya wakwe, aliuliza kwa mbali kadiri alivyoweza: siku ya wageni utafunga kitambaa? Alitaka nisifunge.

Nikasema, "Cucu, ninaumwa na sikio."

"Nitavisha lile lingine."

"Yote mawili yanauma."

Tata Wairimu akaweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Masikio mawili, siku moja, asubuhi ya leo," akasema, kama mtu anayerudia ushahidi. "Na moshi nao umekataa. Na sahani ya mkwe imeletwa na jirani." Akamgeukia yule karani. "Ndugu yangu, mimi sikusoma, lakini mtu akinifungia mlango mara tatu sihitaji kuambiwa niende. Anayekataa hang'i za mama yetu amekataa watu wake."

Cucu alibaki amesimama, mikono imenyoosha zile hang'i, na yule karani akashusha macho akatazama kofia yake. Tabasamu la Nyambura lilikuwa limeganda usoni, halijui liende wapi. Nilikuwa naona, kama unavyoona chungu kikiteleza kutoka mezani, ndoa ya mwanangu ikianguka, kwa sababu ya solusheni ya baisikeli, na bado ulimi wangu haukuweza kusema neno hilo mbele ya watu. Nikafanya kitu ambacho waoga hufanya. Nikainuka nikimbilie chumbani.

Nilisahau msumari. Ule niliopigilia kioo ulikuwa mrefu kuliko kioo chenyewe, ncha imejitokeza kando ya mlango, na nilipopita kwa haraka kitambaa kikanasa hapo. Mimi nikaenda, kitambaa kikabaki. Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimeshikana na sikio, sikio la kushoto nalo likataka kubaki. Mlio wake niliusikia ndani ya kichwa, kama kiraka kinapong'olewa, na nikapiga ukelele ambao naambiwa ulisikika mpaka barabarani.

Kioo kiliyumba lakini hakikuanguka. Ingekuwa heri kianguke. Kikatulia mbele ya uso wangu na ndani yake nikaona watu wote wa Thika na wa Gitothua, vikombe mikononi, wananitazama, na mbele yao mwanamke mmoja, sikio moja limening'inia likitoa damu na nyuzi nyeusi za mpira, la pili limekunjwa nyuma ya kichwa, limeshika barabara, kama la mbuzi anayepigana na upepo.

Halafu, kutoka mlangoni, sauti ya mume wangu tuliyeishi naye miaka ishirini na sita, haina hasira hata kidogo, ina mshangao tu wa mtu aliyepata kitu kilichopotea.

"Solusheni yangu."

Sitawaeleza kicheko. Tata Wairimu alicheka akashika ukuta. Wanaume walitoka nje wakacheka huko kwa adabu, tukawasikia. Mama Ruthi alicheka pia, na huyo ndiye niliyekuwa na kinyongo naye kwa mwaka mzima. Nyambura peke yake hakucheka. Alikuja akakitoa kioo kwenye msumari ili nisiendelee kujitazama, akakibeba kifuani uso wake ukiwa kwa ndani, akakiweka chumbani juu ya kitanda, na alipotoka Cucu alikuwa amenishika mkono ananiingiza. Akamwambia mwanangu alete mafuta ya mbarika na kitambaa safi, na vilipokwisha kuletwa akaurudisha mlango.

Nilikaa kitandani. Akawa anapaka mafuta, anasugua kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemtoa ndama kwenye matope. Harufu ya mbarika na ya baisikeli. Nilikuwa nalia, lakini si kwa maumivu.

"Ulikuwa unamficha nani masikio haya?" akauliza.

Nikamwambia yote. Duka la Thika, yule mwanamke aliyekataa kunipisha, Mama Ruthi, swali la mezani. Nikamwambia, "Cucu, zamani nilikuwa mzuri. Sikujua uzuri umekwisha mpaka nilipojiona kwenye kabati la Mhindi."

Gumba lake halikusimama.

"Uliponisikia nakuja leo," akasema, "ulisikia hang'i ngapi?"

"Nyingi."

"Mbili katika hizo si zangu. Nimeziazima." Akageuza kichwa changu kwenye mwanga wa dirisha. "Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nikipita sokoni, wanaume wanaacha bei katikati. Halafu siku moja nikapita, hakuna aliyeacha. Nikafikiri ni mvua. Siku iliyofuata pia. Basi nikaongeza shanga. Wasiponitazama, watanisikia. Kila mwaka macho yao yakipungua, naongeza. Sasa shingo inaniuma na siwezi kulala upande." Akacheka bila sauti. "Usimwambie Wairimu. Anafikiri mimi ni mwanamke wa mila."

Sikio la kulia likaachia, laini, likashuka mahali pake. La kushoto lilikuwa limechubuka, haliwezi kubeba hata uzi. Akachukua hang'i moja akaipitisha kwenye sikio la kulia, na uzito wake ukanirudia baada ya miaka yote ile, uzito ule ule, na nilipopumua ikalia. Ile ya pili akaifunga tena kwenye ngozi.

"Hii utaifuata Thika, sikio likipona. Utakuja mwenyewe, kichwa wazi." Akanyoosha kitambaa changu kilichochanika, akakiweka juu ya goti langu. "Wako nje wanangoja. Ukitoka na hang'i sikioni, maneno yamekwisha, msichana ni wetu na Wairimu atakula njahi anyamaze. Lakini wakuone. Ukifunga hiki, mimi sitaweza kusema kitu."

Nawaambia ukweli, nilikitazama kitambaa kile. Sebuleni walikuwa bado wanacheka, kicheko kinazimika, mtu anasema kitu, kinawaka tena, na mara moja nilisikia neno pancha. Sikio moja lina shanga, la pili jekundu kama nyama ya buchani, mafuta yanachuruzika shingoni, nywele zangu, ambazo hakuna mwanamume isipokuwa mume wangu aliyekuwa ameziona kwa miaka kumi, zimejaa mvi na mpira. Nikawaza juu ya mikono ya Nyambura ilivyokibeba kile kioo.

Siku hiyo niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: solusheni ni ya baisikeli, na kama mtoto wako anakuuliza swali huku ameona haya, muulize la pili. Kuhusu uzuri sikuapa kitu. Bado najitazama. Ninachofanya sasa ni kumpisha yule mwanamke, na mara nyingi naye ananipisha.

Nikakiacha kitambaa kitandani. Nikauliza, "Twende, Cucu?"

"Tangulia," akasema. "Wanakungoja wewe." Alikuwa ameketi pale nilipokuwa nimeketi, na mkono wake ulikuwa juu ya fremu ya kioo. "Hiki kikubwa hivi, sijawahi kukishika."

Nikafungua mlango. Kicheko kikakatika, nyuso zote zikanigeukia, na nyuma yangu nikasikia shanga zikilia taratibu, kacha, kimya, kacha, kama za mtu anayegeuza kichwa upande huu, kisha upande ule, na kabla sijaweza kugeuka kumtazama, mlango ukafungwa nyuma yangu.